Kuupima Mgongo kwa Sauti

Fungueni madaftari yenu, na kila mmoja aandike maneno matatu: uti wa mgongo, mionzi, mwangwi. Hayo ndiyo maneno ya somo letu la leo, nalo ni somo la historia.

Sasa jipapase mgongoni, katikati. Vile vifundo unavyovigusa ni sehemu za pingili za uti wa mgongo. Mtu akitazamwa kwa nyuma, pingili hizo hupangana mstari mmoja. Lakini wako watoto ambao, wakati wa kubalehe, uti wao huanza kupinda upande, hata ukafanana na herufi S. Bega moja hupanda juu kuliko la pili. Mara nyingi sababu yake haijulikani. Wavulana hupatwa, lakini pindo kubwa huwapata wasichana zaidi.

Ugonjwa huu ni wa zamani. Hippocrates, mganga wa Kiyunani, aliuandika zaidi ya miaka 2,300 iliyopita. Yeye aliwanyosha wagonjwa kwa kuwafunga na kuwavuta. Mwaka 1865 daktari William Adams wa London alieleza njia nyepesi ya kuutambua: mwambie mtoto ainame mbele, kisha mtazame mgongo. Kama uti umepinda, upande mmoja utainuka kama kilima. Njia hiyo yatumika hata leo. Lakini macho huona ngozi tu, hayaoni mfupa.

Mwaka 1895, huko Ujerumani, Wilhelm Röntgen aligundua mionzi ya eksirei. Mionzi hiyo hupenya nyama na kuonyesha kivuli cha mifupa. Mwaka 1948 daktari John Cobb wa Marekani akaeleza namna ya kupima pindo juu ya picha hiyo. Huchorwa mstari kwenye pingili ya juu iliyoinama zaidi, na mwingine kwenye ile ya chini, kisha hupimwa pembe iliyo kati yao. Ikifika nyuzi 10 au zaidi, mtoto huhesabiwa kuwa ana ugonjwa huo.

Hapo, wasikilizaji, ndipo penye uchungu wa habari hii. Pindo huweza kuongezeka kadiri mtoto anavyokua. Kwa hiyo msichana alipigwa picha leo, akarudishwa baada ya miezi, akapigwa tena, miaka mfululizo. Mwaka 2000 wataalamu wa Marekani walitangaza habari za wanawake 5,573 waliogunduliwa kuwa na ugonjwa huo kati ya mwaka 1912 na 1965. Kila mmoja alikuwa amepigwa picha mara 25 hivi kwa wastani. Kwa hesabu ya kawaida, wanawake 46 hivi wangalikufa kwa kansa ya matiti. Waliokufa ni 77. Madaktari wale hawakuwa na nia mbaya, walitaka kusaidia. Tangu hapo mionzi ya picha moja imepunguzwa sana, lakini fundisho limebaki: usimpige mtoto picha pasipo haja.

Je, hakuna njia nyingine? Kumbukeni popo. Hutoa sauti tusiyoisikia, na mwangwi humwambia kilichoko mbele yake gizani. Katika viwanda sauti kama hiyo ilitumika kutafuta nyufa ndani ya chuma. Daktari Ian Donald wa Glasgow, Uskoti, aliichukua kazi hiyo akaipeleka hospitali, na mwaka 1958 yeye na wenzake walitangaza picha za tumbo zilizofanywa kwa mwangwi. Akina mama wengi wanaifahamu njia hiyo, maana ndiyo ya kumtazama mtoto tumboni.

Kwa mgongo palikuwa na kikwazo. Sauti haipenyi mfupa vizuri. Hugonga na kurudi. Lakini mwangwi huo unaorudi huonyesha upande wa nyuma wa kila pingili. Mwaka 1989 madaktari wa Japani walieleza jinsi walivyopima kwa njia hiyo kujisokota kwa pingili. Mwaka 2016 wataalamu wa Hong Kong walieleza majaribio ya mtambo wao. Mtoto husimama wima, mgongo hupakwa dawa ya utelezi, na kifaa kidogo hupitishwa kutoka kiunoni kwenda juu. Kompyuta huunganisha picha zote kuwa moja, na hapo pindo hupimwa. Hakuna mionzi hata kidogo, kwa hiyo kipimo chaweza kurudiwa.

Lakini tusizidishe sifa. Sauti haionyeshi sehemu ya mbele ya pingili, na pindo likiwa kubwa sana hesabu hukosea zaidi. Kabla ya kupasua, daktari bado huhitaji eksirei. Sauti hufaa hasa kumfuatilia mtoto ili eksirei zipungue.

Maswali ya kikundi:
1. Adams alifundisha njia gani?
2. Kwa nini wasichana wale walipigwa picha nyingi?
3. Sauti yafaa kwa kazi gani, na haifai kwa ipi?

Kwaherini mpaka somo lijalo.