Upimaji wa malaria mashuleni: unafanyikaje, na sisi wa Ufipa tuangalie nini

Wadau,

Timu ya afya ikionekana shuleni na maboksi ya vipimo, maneno huanza mtaani: damu ya watoto wanaipeleka wapi? Mimi si daktari, ila nimeona kwa faida ya wazazi niweke hapa jinsi zoezi linavyokwenda.

Kwa nini shuleni?
Mtoto mwenye homa anapelekwa zahanati. Lakini mtoto wa miaka 8 au 12 anaweza kuwa na vimelea vya malaria na bado anacheza mpira kama kawaida. Zahanati haimwoni huyo, na mbu akimuuma anavisambaza kwa wengine. Ndiyo maana mwaka 2014/15 Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Malaria ulipima wanafunzi zaidi ya 49,000 katika shule za msingi za serikali 537, halmashauri 166 za Tanzania Bara. Waliokutwa na vimelea walikuwa asilimia 21.6. Ila wastani huo unaficha mengi: kuna halmashauri zilipata sifuri, na nyingine zilipita asilimia 70. Zoezi lilirudiwa 2017.

Hatua ya 1: kuchagua shule
Hapa sisi ndio tuwe macho. Sumbawanga mjini tuko kama mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na kwenye baridi hii vimelea hukua polepole sana ndani ya mbu. Ukishuka Lyamba lya Mfipa mpaka Mtowisa au Muze, jasho linakutoka. Ziwa Rukwa lenyewe liko kama mita 800 tu. Laela iko juu, Mtowisa iko bondeni, na zote ni Halmashauri ya Wilaya ya Sumbawanga. Wakipima shule za juu tu kwa vile barabara ni nafuu, takwimu zitasema wilaya nzima iko salama, na mtoto wa bondeni atakosa chandarua kwa sababu ya makaratasi. Shule zichaguliwe kwa bahati nasibu, za juu peke yake na za bondeni peke yake.

Hatua ya 2: kumwambia mzazi mapema
Hii ikirukwa, zoezi limekufa. Mwaka 2008 pale Morogoro, ugawaji wa dawa za kichocho na minyoo mashuleni ulizua uvumi kwamba dawa zinadhuru watoto. Wazazi walivamia shule, fujo zikatokea, zoezi likasimama. Dawa ya kichocho, hasa kwa mtoto mwenye njaa, inaweza kuleta kizunguzungu na kutapika. Mzazi asiyeambiwa akiona hivyo atafikiri mwanae kapewa sumu. Mkutano uitwe kabla, kamati ya shule na mwenyekiti wa kijiji wawepo, maswali yajibiwe. Na mtoto akikataa, asilazimishwe.

Hatua ya 3: kupima
Kidole kinasafishwa, kinachomwa, tone moja la damu linawekwa kwenye kipimo cha haraka, unasubiri kama dakika 15 hadi 20. Mstari mmoja kwenye herufi C maana yake hana, miwili, anavyo. Mstari wa C usipotokea, kipimo kimeharibika, kirudiwe. Pia mtoto aulizwe kama ametibiwa malaria wiki za karibuni, maana kipimo hiki kinaweza kuonyesha anayo hata baada ya kupona.

Hatua ya 4: kutibu
Kumpima mtoto halafu kumwacha na vimelea vyake si haki. Dawa mseto ni dozi 6 kwa siku 3, na inafanya kazi vizuri ikimezwa na chakula. Dozi ya kwanza anaweza kumezea shuleni. Zilizobaki anakwenda nazo nyumbani. Mzazi aliyekuwa kwenye mkutano atamsimamia amalize. Asiyejua lolote anaweza kuzitupa, au akamwekea mdogo wake akiugua.

Hatua ya 5: kurudisha majibu
Majina ya watoto ni siri, lakini hesabu ya shule ni haki ya kijiji. Timu nyingine ikija mwakani, watu watauliza kwanza: ile ya mwaka jana ilikuta nini?

Kwa hiyo mzazi, mtoto akileta barua ya upimaji usiichane. Nenda mkutanoni ukaulize mawili: je, shule za bondeni zimo? Atakayekutwa na vimelea atatibiwa siku hiyohiyo?

Nawasilisha. Walimu na manesi, karibuni mchangie.