Mtoto na Zana za Useremala

Injili ya Marko humwita Yesu seremala (Mk 6:3). Mathayo humtaja kuwa mwana wa seremala (Mt 13:55). Ufundi wa namna hiyo mtoto huupokea kwa mzazi. Watoto wa Nkowe huunda magari ya mabua yenye magurudumu ya kandambili kuukuu, pengine kwa wembe uliochukuliwa kwa siri. Hapo ndipo hatari ilipo. Afadhali mzazi akae naye: kwanza msasa, kisha nyundo ndogo na misumari kwenye ubao laini. Msumeno hufuata, ubao ukiwa umebanwa kwenye jiliwa, si kukanyagwa kwa mguu kama tufanyavyo sisi wakubwa. Patasi isubiri. Wala asigeuzwe kibarua: gari aliundalo ni lake, na akichoka aachwe akacheze.