Pikapu za Marekani na Ushuru wa Kuku

Msikilizaji, simama kando ya Barabara ya Morogoro asubuhi uhesabu pikapu zinazopita. Utaona Hilux, Isuzu, Nissan, na mara moja moja Ford Ranger. Ford F-150 utakesha ukiisubiri. Nayo ni ya ukoo wa pikapu za F, ambazo kwa takriban miaka 40 ziliongoza mauzo ya magari nchini Marekani.

Julai 2025 Rais Donald Trump alitangaza mapatano ya biashara na Japani, akisema Wajapani watafungua soko lao kwa magari na malori ya Marekani. Wengi walishangaa, maana Japani ilifuta ushuru wa forodha kwa magari ya nje tangu 1978. Basi kitu gani kilizizuia pikapu hizo miaka yote? Na je, wenye viwanda wazisafirishe sasa?

Kisa hiki kinaanza na kuku. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, kuku wa kisasa waliogandishwa kutoka Marekani walijaa madukani Ujerumani Magharibi kwa bei ya chini, hata wafugaji wa Ulaya wakapiga kelele. Mwaka 1962 Soko la Pamoja la Ulaya likapandisha ushuru wa kuku. Marekani haikunyamaza. Tarehe 4 Desemba 1963, wiki mbili hazijatimia tangu Kennedy auawe, Rais Lyndon Johnson alitangaza ushuru wa asilimia 25 kwa wanga wa viazi, dekstrini, brandi na malori, pikapu zikiwemo. Aliyelengwa kwenye malori alikuwa Volkswagen. Bidhaa nyingine zilikuja kusamehewa, lakini ushuru wa malori ulibaki, na mwaka 2024 ulitimiza miaka 60. Kuku walishaliwa zamani.

Ushuru huo ukawa ukuta. Ndani yake Ford, General Motors na Chrysler walijengea pikapu mteja mmoja tu: Mmarekani mwenye barabara pana, petroli rahisi na uwanja wa kuegesha mbele ya nyumba. F-150 ya leo ina upana unaozidi mita 2 bila kuhesabu vioo vya pembeni. Ipitishe Kariakoo siku ya sikukuu uone.

Lakini ajabu ni kwamba wenye ukuta wenyewe, walipohitaji pikapu ndogo, walikwenda Japani. Mwaka 1972 GM ilianza kuuza huko kwao pikapu ya Isuzu kwa jina la Chevrolet LUV, na Ford ikauza ya Mazda. Ziliingizwa bila bodi la nyuma ili zitozwe ushuru mdogo, kisha bodi likafungwa baada ya kuvuka forodha. Ujanja huo ulizibwa mwaka 1980.

Na jirani zetu Kenya walishuhudia jambo lile lile. Mwaka 1975 GM iliingia ubia na serikali ya nchi hiyo, kikajengwa kiwanda cha kuunganisha magari Nairobi. Jina langoni lilikuwa la Kimarekani, lakini gari lililokipatia kiwanda hicho sifa lilikuwa Isuzu. Mwaka 2017 GM iliwauzia Isuzu hisa zake, na kampuni ikaitwa Isuzu East Africa. Kwa maoni yangu hakuna ushahidi mzito kuliko huo. Walikuwa na kiwanda, wateja na serikali upande wao, na bado hawakutuletea pikapu zao kubwa.

Sisemi kwamba hazina wanunuzi nje. Nchi za Ghuba zinazinunua, kwani huko usukani uko kushoto kama Marekani na mafuta si taabu. Australia nako zinauzwa, ingawa wao huendesha kama sisi. Ram zilianza kubadilishwa usukani mjini Melbourne mwaka 2015, na Ford ikafuata na F-150 mwaka 2023. Gari jipya linashushwa melini, dashibodi inafumuliwa, usukani unahamishiwa kulia. Bei ya F-150 hiyo ilianzia zaidi ya dola 100,000 za Australia. Hiyo ni pikapu ya mwenye farasi na boti ya kuvuta, si ya mwenye magunia ya mkaa.

Kuna jambo jingine linalonigusa zaidi, kwa kuwa wengi wetu mjini tunatembea kwa miguu. Mwaka 2023 taasisi ya Marekani ya bima na usalama barabarani, IIHS, ilionyesha kuwa magari yenye boneti ya kimo cha zaidi ya mita 1 hivi yana uwezekano wa takriban asilimia 45 zaidi wa kuua mtu yanapomgonga, yakilinganishwa na yenye boneti fupi iliyoinama.

Kwa hiyo wakitaka kutuuzia, waanze kiwandani Dearborn kwa kuweka usukani kulia tangu gari linapoundwa, boneti ishuke, upana upungue. Ford wanalijua hilo tayari. Ranger ile ya Barabara ya Morogoro ilisanifiwa Australia, na inaundwa Thailand na Silverton, Afrika Kusini. Mfanyakazi wa Dearborn anayeahidiwa ajira kutokana na soko la nje ana haki ya kuuliza kwa nini kazi hiyo haikupewa kiwanda chake.