Beni: Ngoma ya Gwaride Baina ya Ukale na Usasa

Zinapotajwa ngoma zetu za taifa, aghalabu husikika majina ya sindimba ya Wamakonde, bugobogobo ya Wasukuma, lizombe ya Wangoni na msewe wa Pemba. Ni nadra beni kutajwa. Sababu yake si ngumu kuitambua. Beni ilichezwa kwa tarumbeta na ngoma za kizungu. Wachezaji wake walivaa sare za kijeshi, wakapiga kwata, wakapeana vyeo vya Kingi, Jenerali na Daktari. Machoni pa mtu aliyekulia katika miaka ya mwanzo ya uhuru, hiyo haikuwa ngoma bali kasumba. Hukumu hiyo, kwa maoni yetu, ilitolewa kwa haraka. Historia ya beni inalihusu swali ambalo kila mwalimu anayewaandaa vijana kucheza ngoma mbele ya watu hulikabili, atake asitake: kitu cha zamani kitawezaje kuwavutia watu wa leo bila ya kuacha kuwa chenyewe?

Neno lenyewe ni la Kiingereza, bendi, lililolainishwa na ndimi za watu wa pwani. Ngoma hii ilizuka katika miji ya pwani ya Kenya, hasa Lamu na Mombasa, katika miaka ya 1890, wakati utawala wa Waingereza ulipokuwa unajikita. Sauti ya ala za shaba haikuwa ngeni tena. Huko Unguja, Sultani Barghash, aliyetawala tangu mwaka 1870 hadi 1888, alikuwa na bendi iliyopigwa na Wagoa mbele ya kasri yake. Karibu na Mombasa, katika makao ya Freretown yaliyoanzishwa na wamisheni wa Kiingereza mwaka 1875 kwa ajili ya watumwa waliokombolewa, walikuwapo wapigaji wa ala hizo. Tena manowari zilipotia nanga, watu walisimama ufukweni wakiwatazama mabaharia wakienda mguu sawa.

Hata hivyo, anayesema kwamba beni ilikuwa nakala tu ya gwaride la wazungu ametazama sare, hakuutazama mwili ulioivaa. Kabla tarumbeta ya kwanza haijalia Lamu, mitaa ya Mkomani na Langoni ilikuwa imekwisha kushindana kwa ngoma, kwa mashairi ya mafumbo na kwa karamu. Heshima ya mtaa ilipimwa kwa ustadi wa manju wake na kwa wingi wa sinia zilizoandaliwa. Mtaa ulioshindwa kujibu fumbo ulibeba aibu mpaka msimu mwingine. Beni iliingia katika desturi hiyo kama mgeni anayekaribishwa chumbani katika nyumba iliyokwisha kujengwa. Vazi na ala vilikuwa vipya, lakini mashindano yalikuwa yale yale ya mababu.

Ndiyo maana beni haikupata kuchezwa na upande mmoja. Mombasa kulikuwa na Kingi na Skochi, na hao Skochi walivaa sketi za askari wa Kiskoti. Jambo hilo huwachekesha wanafunzi, na halina budi kuwachekesha, kwani wachezaji wenyewe walikusudia watu wacheke na kustaajabu. Lakini chini ya kicheko palikuwa na hesabu kali. Upande mmoja ukinunua ngoma mpya, wa pili utafute la kuupita. Wanawake wa Mombasa nao, katika vyama vyao vya lelemama kama vile Ibinaal Watan na Banu Saada, waliichukua roho hiyo hiyo ya kushindana kwa mavazi na nyimbo, na baadhi ya mashindano yao yaliwagharimu pesa nyingi.

Kutoka huko beni ilishuka Tanganyika, ambako ilijulikana kwa majina mawili yaliyovuma toka pwani mpaka maziwa makuu: Marini na Arinoti. Marini kwa jumla walikuwa watu wa mjini, wenye kazi za maandishi na mavazi nadhifu. Arinoti waliwakusanya zaidi watu wa bara, wachukuzi na vibarua. Mwanahistoria Terence Ranger, aliyefundisha katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam miaka ya 1960, aliifuatilia habari hii kwa makini katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1975. Alionyesha kwamba vyama hivyo havikuwa vya kucheza tu. Mwanachama aliyeugua alitazamwa, aliyekufa ugenini alizikwa kwa heshima, na aliyehamia mji mwingine alipokewa na wenzake wa Marini au Arinoti kana kwamba ni ndugu wa tumbo moja. Mtu aliyekuwa karani mdogo mchana, akitumwa huku na huko na bwana wake, jioni aliitwa Jenerali, na watu wakampigia saluti. Twaweza kuliita jambo hilo mchezo. Lakini katika nchi ambamo Mwafrika hakuruhusiwa kushika madaraka makubwa, hapo ndipo wengi walipojifunza kuongoza mkutano, kutunza mfuko wa fedha na kuwaadibu wanachama.

Kisha vikaja vita vya 1914 hadi 1918. Askari wa Kiafrika walipigana pande zote mbili, ya Wajerumani na ya Waingereza, na nyuma yao wakaswagwa wachukuzi ambao makumi ya maelfu yao hawakurudi makwao. (Jina la Kariakoo, mtaa wa Dar es Salaam, ni ukumbusho wa kikosi hicho cha wachukuzi.) Katika makambi, beni ilipita kutoka mkono hadi mkono. Vita vilipokwisha, walionusurika waliichukua mpaka Nyasaland na Rodesia ya Kaskazini, nchi ambazo leo ni Malawi na Zambia.

Hapo sura ya ngoma ilibadilika kwa namna isiyoonekana upesi. Kabla ya vita, sare ilikuwa kitu kipya cha kuwashangazia watu. Baada ya vita, kwa yule aliyekwisha kutembea kutoka pwani mpaka mpaka wa Rodesia na bunduki begani, kwata ikawa pia kumbukumbu ya wenzake waliozikwa njiani. Kijana aliyezaliwa mwaka 1915 hakuwa na kumbukumbu hiyo. Yeye aliona suruali iliyonyoshwa vizuri na filimbi inayong'aa. Wote wawili walisimama katika safu moja. Nadhani nguvu ya beni katika miaka ya 1920 ilitokana na hilo: mzee alikuja kukumbuka, kijana alikuja kujionyesha, wala hapakuwa na haja ya mmoja kumfukuza mwenzake.

Watawala waliitazama kwa jicho la mashaka. Walichunguza kama vyeo vile vilificha njama, na mara nyingi waliridhika kwamba hapana la kuogopesha. Lakini mwaka 1935, wachimba madini wa Rodesia ya Kaskazini walipogoma, na watu sita wakauawa kwa risasi kwenye mgodi wa Roan Antelope huko Luanshya, tume ya uchunguzi ilizihoji pia habari za mbeni, kama ilivyoitwa huko, kwa kuwa mtandao wake ulikuwa umeenea migodini kote.

Mbali na miji, palipokosekana fedha za kununulia ala za shaba, ubunifu ulizidi. Kando ya Ziwa Nyasa, kwa upande wa Malawi na kwa upande wetu wa Ruvuma, vijana walitengeneza tarumbeta za vibuyu, wakaziba tundu moja kwa utando wa buibui ili sauti itoke kwa mkwaruzo. Ndipo zikapatikana malipenga na mganda. Safu ni zile zile na kaptula nyeupe ni zile zile, lakini mwendo umelegezwa, magoti yamekunjwa, na sauti ya kibuyu haifanani na ya bendi yoyote ya Ulaya. Siku hizi mganda hutambulishwa majukwaani kuwa ngoma ya jadi ya watu wa ziwani, na hapana anayeshtuka. Umri wake hauzidi sana miaka mia moja! Yaelekea ngoma huitwa ya jadi mara watu wanaposahau siku ilipoanza.

Mijini mambo yalikwenda kinyume. Tangu mwanzo wa miaka ya 1930, biashara ilipoanguka dunia nzima na mishahara kupungua, gharama za sare na karamu ziliwalemea watu. Makarani na walimu, wale wale ambao baba zao walijivunia Marini, waliona gwaride limepitwa na wakati. Walikwenda kwenye dansi la gitaa na saksafoni, kwenye mpira wa miguu na kwenye Chama cha Waafrika kilichoundwa mwaka 1929. Hatuwezi kuwalaumu. Walifanya lile ambalo baba zao walilifanya, yaani kuchukua kilicho kipya na kushindana kwacho. Kosa, kama lipo, ni la vikundi vya beni vilivyoendelea kupiga nyimbo za vita vilivyokwisha kusahauliwa, mbele ya watazamaji waliopungua kila mwaka.

Uhuru ulileta swali jingine. Tarehe 10 Desemba 1962, katika hotuba yake ya kushika Urais, Mwalimu Nyerere alisikitika kwamba wengi wetu tulijua kucheza dansi za kigeni ilhali hatujapata hata kuzisikia baadhi ya ngoma zetu wenyewe. Miongoni mwa ngoma alizozitaja ilikuwamo lelemama. Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana iliundwa, na baadaye kikundi cha ngoma cha taifa kikazunguka nchini na ng'ambo. Kazi hiyo ilikuwa njema na ya lazima. Hata hivyo, lelemama ilipita mlangoni na ndugu yake beni akabaki nje, kwa sababu tu alikuwa amevaa kofia ya mzungu. Tena jukwaa lilikuwa na masharti yake. Ngoma iliyochezwa usiku kucha ilikatwa ikawa ya dakika kumi, na duara lilifunguliwa likawa safu inayomwelekea mgeni wa heshima. Zaidi ya yote, mpinzani aliondolewa. Ngoma ambayo maana yake ilikuwa kumjibu mtaa wa pili ilichezwa mbele ya watu wasiotarajiwa kujibu chochote ila makofi.

Si sisi peke yetu tuliofikwa na hayo. Huko Marekani, baada ya vita hivyo hivyo vya kwanza, vyama vya askari wastaafu viliunda vikosi vya ngoma na tarumbeta, na vijana wakashindana kwa gwaride. Mwaka 1971 vikosi kadhaa viliunda shirika lao, Drum Corps International, lililofanya mashindano yake ya kwanza ya ubingwa mwaka 1972. Tangu hapo wamebishana bila kuchoka. Tarumbeta za asili za kijeshi zilipoacha kuwa za lazima mwaka 2000, vipaza sauti viliporuhusiwa mwaka 2004, na ala za kielektroniki mwaka 2009, kila mara walikuwapo wazee waliosema kwamba ngoma imekufa, na vijana waliosema kwamba sasa ndiyo imezaliwa. Lakini shindano halikuondolewa, na pengine ndiyo maana ubishi wenyewe ungali una uhai. Hakuna anayebishania kitu ambacho hakimhusu tena.

Tukirudi kwetu, mwalimu anayetaka kuwaonyesha wanafunzi wake beni asianze na sare. Sare hushonwa na fundi yeyote kwa siku mbili, na safu ya vijana waliovaa kofia za mwaka 1920 bila ya kujua wanamjibu nani ni picha tu ya makumbusho. Aligawe darasa pande mbili. Kila upande utunge wimbo wake juu ya jambo la mwaka huu, ujibiwe na mwenzake, na hukumu itolewe na watazamaji. Hapo ngoma kubwa na filimbi zitajitafutia mahali pake zenyewe. Wapo watakaosema kwamba kufanya hivyo ni kuiharibu kale. Jawabu lao liko Unguja.

Maana Unguja beni haikufa. Iliingia harusini. Vikundi vyake vimeonekana pia katika maandamano ya tamasha la Sauti za Busara, lililoanza mwaka 2004, lakini makao yake hasa ni uwanja wa mtaa jioni ya harusi. Wapigaji huja na tarumbeta zilizopondeka na ngoma zilizokazwa upya mara nyingi, na pengine sare zao hazilingani. Nyimbo zao si za wakati wa vita. Huchukua kiitikio cha taarabu kinachovuma, wakakiongezea mwendo na kukirudia tena na tena, na akina mama hukiimba wote kwa pamoja huku wakiinuka kutuza. Bibi harusi anajua wimbo kwa kuwa ameusikia redioni juzi; bibi yake anajua mdundo kwa kuwa aliuchezea yeye mwenyewe alipoolewa. Watoto hutangulia mbele ya bendi, wakipiga kwata ambayo hapana aliyewafundisha.