Habari ya Eropleni Iliyoishiwa Mafuta Baharini

Sisi tuliozaliwa Tanga, Pangani na vijiji vya pwani twajua tangu utoto ya kuwa nahodha hatweki tanga kabla hajayatazama maji ya kunywa. Haulizi pipa laweza kuchukua kiasi gani; hufunua akaona mna nini. Habari hii ni ya watu watatu waliokataa kufunua.

Siku ya Jumamosi, tarehe 23 Novemba 1996, eropleni ya Shirika la Ndege la Ethiopia, Boeing 767, iliondoka Addis Ababa kwenda Nairobi, nayo ina watu 175. Haijafika mbali, watu hao wakaingia kwa rubani kwa nguvu, wakatwaa shoka lililowekwa humo, wakaamuru wapelekwe Australia. Rubani, Leul Abate, akawaambia ya kuwa mafuta ni ya kufika Nairobi na akiba yake tu. Hawakusadiki. Walikuwa wamesoma katika gazeti la abiria ya kuwa eropleni ya namna ile huweza kuruka saa 11. Naam, huweza, matangi yakijaa; lakini kwa safari fupi kama ile hayakujazwa.

Rubani hakutaka kuiacha nchi kavu. Akaifuata pwani ya Afrika kusini, hata wale watu walipoitambua nchi wakamlazimisha kugeukia mashariki. Naye akaelekea Ngazija. Alikuwa amekwisha kutekwa angani mara mbili kabla ya siku ile, na twadhani ndiyo sababu moyo wake haukupotea.

Karibu na Ngazija injini moja ilizimika, kisha ya pili. Uwanja hakuufikia. Eropleni ikaangukia majini, kama mita 500 kutoka ufukoni, upande wa Mitsamiouli, ikavunjika. Wenyeji na wageni wa hoteli iliyokuwapo wakaenda kuwaokoa watu kwa mashua.

Walipona 50. Wengi walikufa kwa kuwa walijaza upepo maboya yao ya kuvaa wangali ndani. Maji yalipoingia, boya liliwainua hata darini, wasiweze kuzamia mlangoni. Wasomaji wetu waendao Unguja na Pemba na walishike hili: boya huvaliwa ndani, hujazwa nje.

Miongoni mwa waliokufa alikuwa Mohamed Amin, mpiga picha wa Kenya aliyeanza kazi yake Dar es Salaam, ambaye picha zake za mwaka 1984 ziliuonyesha ulimwengu njaa ya Ethiopia. Leul Abate na msaidizi wake, Yonas Mekuria, walipona. Wale watatu hawakupona.