Tugu, Kijiji cha Waliokombolewa Nyuma ya Makontena

Malori yanayotoka bandari ya Tanjung Priok, kaskazini mwa Jakarta, hupita Cilincing usiku na mchana. Katikati ya vumbi hilo, baina ya viwanja vya makontena, limesimama kanisa dogo jeupe la mwaka 1748, na pembeni yake pana makaburi. Soma majina: Michiels, Abrahams, Andries, Quiko, Browne. Utasema ni Wazungu waliofia ugenini. Siyo. Ni watu wa Bengal, wa pwani ya Coromandel na wa Malacca, waliouzwa, wakabatizwa, wakakombolewa, kisha wakabandikwa majina ya mabwana wapya.

Mimi ni mtu wa Kisauni, Mombasa, na ujana wangu wote niliumalizia kwenye meli za mizigo. Tugu nilipelekwa na Mjava mmoja tuliyekuwa naye zamu moja chumba cha injini. Alijua napenda taarab, akaniambia, twende ukasikie muziki wa watu wasio wa kwetu wala wa kwenu. Nikamfuata kwa ajili ya muziki. Historia nikaikuta hukohuko.

Na historia yenyewe imeanzia karibu na kwetu kuliko nilivyotarajia. Mreno aliyeiteka Kilwa na kuichoma Mombasa mwaka 1505 hakuishia hapo. Mwaka 1511 alikuwa ameshaichukua Malacca, na kwa zaidi ya karne moja makao yake makuu ya Goa yaliendesha pwani yetu na pwani ile kwa mkono mmoja. Kila alipofika alikamata watu, akawabatiza Kikatoliki, wakaishia kusema Kireno chao wenyewe kilichokorogwa na lugha za mama zao. Kisha akaja Mholanzi. Alijijengea Batavia mwaka 1619, palepale ilipo Jakarta leo, na mwaka 1641 akampokonya Mreno Malacca. Mateka wakageuka mali yake.

Kule Batavia wengi waliachwa huru, wakaitwa Mardijker. Lakini huru kwa sharti: toka Ukatoliki, ingia kanisa la Kiholanzi. Na majina yakafuata dini. Uhuru gani huo unaomdai mtu dini na jina la baba yake? Hata hivyo waliukubali, na mimi siwalaumu. Aliyewahi kuwa mali ya mtu ndiye anayejua ni bei gani inalipika.

Kwa masimulizi yao wenyewe, mwaka 1661 familia 23 zilipewa ardhi Tugu, mashariki ya mji. Ardhi ya mabwawa, mbu na homa, ambayo hakuna Mholanzi aliyeitamani. Walilima mpunga, wakavua, wakawinda nguruwe mwitu wakamkausha nyama. Mchungaji Melchior Leydecker akawaanzishia kanisa mwaka 1678. Ilipofika 1740 Batavia ikachafuka: Wachina wa mji ule waliuawa kwa maelfu, vita vikasambaa mashambani, na kanisa la Tugu likateketea. Hili la sasa lilijengwa kwa fedha za Justinus Vinck, tajiri yuleyule aliyefungua masoko ya Senen na Tanah Abang, ambayo mpaka leo ni masoko makubwa ya Jakarta.

Niseme pia kwamba Tugu ilikuwa na habari zake kabla ya hao wote. Hapo ndipo lilipookotwa jiwe la karne ya 5 lenye maandishi ya Kisanskriti ya mfalme Purnawarman, linalotangaza kwamba alichimbisha mfereji kwa siku 21 na kuwatunuku makuhani ng'ombe 1,000. Sasa liko Makumbusho ya Taifa. Miaka 1,500 imepita na kaskazini ya Jakarta bado inahangaika na maji, safari hii ardhi yenyewe ikititia kwa sababu mji umeyanyonya maji ya chini kwa visima.

Turudi kwenye muziki. Nyumbani kwa mzee mmoja tuliyemwita Opa, kama wanavyowaita babu zao kule, niliwekewa mikononi gitaa dogo linaloitwa macina. Urefu wake umezidi dhiraa kidogo. Opa alisema zamani halikuwa la mbao za kuunganisha: fundi alichukua kipande kizima cha mti, akakichimba tumbo, kisha akakifunika uso kwa ubao mwembamba. Nililigeuza nikalitazama mgongo na sikuona kiungo, bali alama za patasi tu. Lina ndugu yake mkubwa kidogo, prounga. Wakipiga, mmoja anaingia juu ya pigo na mwingine anaingia katikati ya mapigo, hivyo hapabaki nafasi tupu. Sauti inakuwa kama mvua juu ya bati. Sello nayo haiguswi kwa upinde. Inadonolewa kwa vidole mpaka inakuwa ngoma. Juu ya hayo yote fidla inaimba polepole kana kwamba haina haraka ya kufika popote.

Hiyo ndiyo keroncong, na wengi husema kitovu chake ni Tugu. Kutoka kijijini iliingia mitaa ya Batavia, ikachukuliwa na vikundi vya maigizo vya komedi stambul vilivyoanzia Surabaya mwaka 1891, ikaingia kwenye santuri. Wenye heshima zao waliiona muziki wa wahuni. Baadaye, mtunzi Gesang alipotunga wimbo wa "Bengawan Solo" mwaka 1940, ikawa muziki wa nchi nzima, na Tugu ikasahauliwa kidogo kidogo. Hili kwangu ndilo la maana kuliko yote: dini walipewa, majina walipewa, ardhi walipewa. Keroncong hawakupewa na mtu.

Lugha haikubahatika hivyo. Mwaka 1890 mtaalamu Hugo Schuchardt aliandika juu ya Kireno cha Tugu kingali hai. Mzungumzaji wake wa mwisho aliyekijua barabara alifariki mwaka 1978. Vilivyobaki vimo ndani ya nyimbo.

Mji uliwafikia kupitia bandari. Tanjung Priok ilianza kujengwa mwaka 1877, na tangu hapo Tugu haikuwa tena mbali na chochote. Baada ya Vita Kuu ya Pili, wakati wa misukosuko ya kudai uhuru, Mkristo mwenye jina la Kiholanzi alitazamwa kwa jicho baya. Baadhi ya familia zilihamia Papua ya Kiholanzi, kisha Uholanzi. Waliobaki waliona mashamba ya mpunga yakigeuka maghala. Ni kazi yetu mabaharia hiyo, tusijifiche: kila kontena tunaloshusha linahitaji mahali pa kulala, na pale limelala juu ya mpunga wa mtu.

Ila tarehe mosi Januari Tugu huwa Tugu. Ibada ikiisha wapigaji wanaingia nyumba ya kwanza, wanapiga, wanakula. Wakiondoka, mtu wa nyumba hiyo lazima afuatane nao hadi nyumba ya pili, na wa pili hadi ya tatu, mpaka jioni msafara umejaa njia. Wanaiita rabo-rabo. Jumapili inayofuata ni mandi-mandi: watu hupakana usoni poda nyeupe iliyokorogwa kwa maji, wanasameheana ya mwaka mzima. Opa alinionyesha picha yake aliyopakwa mpaka nyusi. Hata mkewe hakumtambua, alisema, au alijifanya.

Nimeyaandika haya kwa Kiswahili kwa sababu sisi Kisauni tuna Tugu yetu. Freretown ilianzishwa mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliokombolewa kwenye majahazi ya watumwa, nao wakapewa ardhi, dini na majina mapya. Kengele yao bado iko pale Kengeleni, na matatu hupita chini yake siku nzima. Wajukuu na vitukuu wa watu wale wapo. Tugu walipata mtu wa kuandika lugha yao mwaka 1890, miaka 88 kabla haijazikwa. Wewe mwenye bibi au babu Freretown na simu inayorekodi sauti, nenda Jumapili hii, muulize walikuwa wakiimba nini.