Goma: historia ya nyumba, parseli na karatasi

Kwa muda wa miaka 50 hivi, mlima Nyiragongo umeshuka juu ya nyumba za watu mara tatu: tarehe 10 mwezi wa kwanza 1977, tarehe 17 mwezi wa kwanza 2002, na tarehe 22 mwezi wa tano 2021. Kati ya miaka hiyo vita vimehamisha watu mara nyingi kuliko volkano. Hata hivyo, katika mji wa Goma, kuwa na parseli yako na nyumba yako bado ndiyo ndoto ya kwanza ya familia nyingi, kabla ya gari na hata kabla ya duka. Mwenye parseli hahesabu mwisho wa mwezi kwa woga, wala hasubiri bayeri agonge mlango.

Historia ya nyumba za Goma ni historia ya vitu vitatu: nyumba yenyewe, ardhi iliyo chini yake, na karatasi inayosema ardhi hiyo ni ya nani. Vitu hivyo havitembei pamoja kila mara. Kwa familia zilizohamishwa, tofauti hiyo ina uzito mkubwa.

Kwa nini nyumba nyingi ni za mbao

Mgeni anayefika Katoyi, Majengo, Ndosho au Mugunga anashangaa kuona nyumba za mbao zenye mabati, zimepangwa juu ya mawe meusi. Wengine wanadhani ni umaskini tu. Ni kweli mbao ni rahisi kuliko matofali na simenti, lakini kuna sababu nyingine. Chini ya mji ni mwamba wa volkano. Kuchimba msingi wa nyumba kunataka nyundo, baramini na siku nyingi za kazi. Nyumba ya mbao inakaa juu ya mawe yaliyopangwa tu, bila kuchimba sana. Tena inaweza kubomolewa, mbao zikapakiwa kwenye chukudu au kwenye gari, na nyumba ikasimama tena mtaa mwingine. Mpangaji wa kiwanja akikosana na mwenye kiwanja, anaondoka na nyumba yake.

Choo ndicho kinachowatesa wengi zaidi. Familia inaweza kumaliza kuta na paa kwa juma moja, kisha ikakaa miezi inavunja mwamba kutafuta shimo la choo. Ndiyo maana vyoo vingi vimejengwa juu, kwa ngazi, na shimo lake ni fupi.

Maji nayo ni shida, hata kama ziwa Kivu linaonekana kutoka barazani. Mvua inanyesha sana, lakini mwamba unaimeza, na hakuna mto ndani ya mji. Ambaye bomba la REGIDESO halifiki kwake anategemea bidoni, au maji ya mvua kutoka kwenye mabati. Maji hayo pia yana tatizo lake: moshi wa Nyiragongo unachafua mvua kwa floridi, na katika vijiji vinavyopokea moshi huo mabati yanaoza mapema. Upande wa magharibi, kuelekea Kyeshero, Lac Vert na Bulengo, kuna tena mazuku, ile hewa mbaya isiyo na rangi inayotoka ardhini na kukaa mahali pa chini. Mwenye kununua parseli kwenye bonde huko huwauliza majirani kwanza kama kuku au mbuzi wamewahi kufa hapo bila ugonjwa.

Ardhi ni ya Leta

Mwaka 1885, serikali ya mfalme Léopold II ilitoa amri kwamba ardhi yote isiyokaliwa ni ya Leta. Mashamba ya kupumzisha, malisho na misitu ya vijiji vilihesabiwa kama ardhi tupu, ingawa vilikuwa na wenyewe. Wabelgiji waliendelea na mpango huo: ardhi ya wazungu iliandikwa katika vitabu vya Leta, na ardhi ya wenyeji ilibaki chini ya desturi, bila karatasi.

Baada ya uhuru, sheria Bakajika ya tarehe 7 mwezi wa sita 1966 ilirudishia Leta ya Congo haki zote juu ya ardhi zilizogawiwa wakati wa ukoloni. Kisha ikaja sheria namba 73-021 ya tarehe 20 mwezi wa saba 1973, ambayo ndiyo msingi mpaka leo. Kifungu cha 53 kinasema udongo ni mali ya Leta peke yake, na hauwezi kuuzwa. Mwananchi anaweza kupewa haki ya kuutumia daima, na nyumba aliyojenga ni yake. Lakini haki hiyo inathibitishwa na karatasi moja tu: sertifika ya kuandikishwa, inayotolewa na ofisi ya ardhi.

Hapo ndipo taabu ya watu wengi inapoanza. Familia nyingi hazina sertifika. Zina hati ya kununua iliyosainiwa na mashahidi, au fishi ya parseli kutoka kartie. Nje ya mji, katika teritware ya Nyiragongo, ardhi iko chini ya cheferi ya Bukumu, na wengi walinunua kwa machifu wa desturi. Sheria ya 1973 iliahidi, katika kifungu cha 389, kwamba amri ya rais wa Jamhuri itapanga haki za watu walio kwenye ardhi ya desturi. Miaka ikapita, marais wakabadilika, amri hiyo haikutoka. Mji ukapanuka kuelekea Munigi, Kibati na Buhene, na maelfu ya nyumba zikasimama juu ya ahadi hiyo.

Mwaka 2002: mipaka chini ya mawe

Volkano ya 2002 ilipita katikati ya mji mpaka ziwani. Ilifunika sehemu ya kiwanja cha ndege, ikaharibu kanisa kuu la Saint-Joseph na kuacha watu 120,000 hivi bila makao. Wakaaji walikimbilia Gisenyi na Sake. Lakini baada ya siku chache tu wengi walirudi, wakitembea juu ya mawe yaliyokuwa bado na moto.

Swali la kwanza lilikuwa: kwangu ni wapi? Miti, uzio na alama za mipaka vilikuwa chini ya mawe. Ambaye alikuwa na karatasi yenye vipimo alikuwa na pa kuanzia. Wengine walitegemea macho ya majirani: yule anakumbuka barabara ilipinda wapi, huyu anajua parseli ya fulani iliishia kwenye kona gani. Mawe yaliyoangusha nyumba yakavunjwa, yakawa kuta na uzio wa nyumba mpya. Leo uzio wa mawe meusi ndiyo sura ya Goma.

Mwaka 2021 mambo yalirudia upande wa Buhene, ambako moto ulisimama karibu na kiwanja cha ndege baada ya kumeza maelfu ya nyumba. Siku tano baadaye mamlaka iliamuru kartie 10 kati ya 18 za mji zihame. Waliokuwa na nyumba nzima waliondoka na ufunguo, wakiwa na wasiwasi juu ya wezi wa mabati na milango.

Furaha yenyewe

Pamoja na yote hayo, furaha ya kuwa kwako ni ya kweli. Mama anapanda sombe na lengalenga pembeni ya choo bila kuomba ruhusa. Watoto wanapiga kelele bila kutishwa. Msiba ukitokea, kuna uwanja wa kuweka viti. Mwenye parseli anaweza kujenga chumba kimoja mwaka huu, kingine mwaka ujao, na kupangisha kile cha mbele ili kulipa shule. Kodi ya kila mwaka, ugomvi wa sentimita 30 na jirani, maji ya mvua yanayotoka kwa wengine na kuingia kwako, vyote vinalalamikiwa, lakini ni malalamiko ya mtu aliye kwake.

Waliohama

Familia zilizotoka Masisi na Rutshuru ziliishi miaka chini ya shitingi huko Kanyaruchinya, Bulengo, Lushagala na Rusayo, zikiwa na nyumba na mashamba nyuma yao. Mwezi wa pili 2025, baada ya AFC/M23 kuchukua mji, kambi hizo zilivunjwa na watu wakatakiwa kurudi. Kuna waliokuta nyumba zao zimebaki mawe ya msingi tu. Wengine walikuta mtu mwingine analima.

Kwa wenye ardhi ya desturi, ushahidi mkubwa ni wa watu: wazee wa kijiji, majirani wa mipaka, mashahidi wa siku ya kununua. Kwa hiyo familia nyingi zinaandika majina yao mapema, kabla hawajatawanyika au kufa. Kwa wenye parseli mjini, kuna muda wa kuangalia. Sheria ya 1973 inasema sertifika ikimaliza miaka 2 tangu itolewe haiwezi tena kushambuliwa. Mtu akiandikisha parseli yako ukiwa umehama, na muda huo ukapita, kinachobaki ni kudai malipo mahakamani. Kwenda kadasta kuuliza namba ya parseli iko kwa jina la nani, hata kama nyumba haipo tena, kunaweza kufanywa na ndugu aliyetumwa kwa maandishi.

Mwaka 2002, waliorudi Goma walianza kwa kumtafuta jirani. Karatasi zilifuata baadaye, kwa walioziweka vizuri: ndani ya mfuko wa plastiki, pamoja na diploma za watoto, mahali panaposhikika haraka usiku wa kukimbia.